Kigoda cha Ndugu Tupokigwe Asukile

Ndugu Tupokigwe Asukile, Muuguzi Mkuu wa chumba cha upasuaji katika Hospitali ya Misheni ya Idunda, anastaafu tarehe 31 Desemba 1979, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi kumi na mmoja. Ule mwezi mmoja unaopungua ili itimie thelathini na mitano, amesema tumwachie. Anataka kuiwahi mvua ya Januari shambani kwao Tukuyu.

Katibu wa hospitali, Ndugu Eliezeri Kalinga, alinifuata nyumbani kwangu Iringa mwezi uliopita akaniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe. "Mzee, ukurasa mmoja tu," alisema, "na utuchekeshe kidogo, maana hotuba zitakuwa nyingi." Alinichagua kwa sababu mimi ndiye niliyefanya kazi na mstaafu kwa muda mrefu kuliko wote waliobaki. Nilikuwa daktari wa upasuaji Idunda tangu mwaka 1948 hadi 1976, na katika miaka hiyo nilisikia sauti ya Tupokigwe kuliko nilivyosikia ya marehemu mke wangu. Ukurasa mmoja haukutosha. Namwomba Ndugu Eliezeri asipunguze kitu, hasa sehemu isiyochekesha.

Ndugu Tupokigwe alizaliwa mwaka 1924 katika milima ya Tukuyu, mtoto wa tatu wa mzee Asukile, mkulima wa kahawa na ndizi. Alisoma hadi darasa la sita, akakaa kwa shangazi yake Mbeya kwa muda, na Februari 1945 akapanda lori la viazi lililokuwa likienda Iringa. Aliteremka Idunda akiwa na sanduku la bati na barua ya mchungaji. Aliajiriwa kufua bandeji. Wakati huo hakujua neno la Kihehe. Siku ya kwanza alifundishwa "kamwene", na kwa wiki nzima alimsalimu kila aliyepita, wagonjwa, wapishi, hata mpiga kengele wa kanisa ambaye hakuwa akisikia vizuri. Wagonjwa walimcheka kwa sababu alilitamka neno hilo kwa mwendo wa Kinyakyusa, likipanda mwishoni kama anayepanda ngazi. Aliwaacha wacheke, na baada ya miaka miwili alikuwa akizungumza Kihehe, Kibena na Kisangu, na Kisafwa cha kuombea maji, kama alivyokiita mwenyewe.

Mwaka 1952 alipata cheti cha uuguzi. Mwaka 1954 aliingia thieta, yaani chumba cha upasuaji, na hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanzia.

Vijana walioajiriwa karibuni huenda hawajui jinsi nyanda hizi zilivyojaa marovu. Rovu ni uvimbe wa tezi ya shingoni, na huku kwetu milimani kulikuwa na vijiji ambavyo shingo iliyonyooka ndiyo iliyoshangaza watu. Wanawake walikuja wamejifunga mitandio shingoni hata katika jua la Oktoba. Wengine rovu lilikuwa limewabana koromeo kiasi kwamba walilala wameketi. Mgonjwa wa namna hiyo ukimlaza kwa dawa ya usingizi anaweza asiamke, na sisi hatukuwa na mtaalamu wa usingizi. Kwa hiyo tuliwapasua wakiwa macho, kwa sindano za ganzi.

Kuna jambo la pili. Nyuma ya tezi, ubavuni mwa koromeo, pande zote mbili, unapita mshipa wa fahamu mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo. Mshipa huo ndio unaobeba sauti. Ukiukata, mtu anabaki na pumzi tu. Katika damu na nyama hauonekani kirahisi, na vidole vyangu, nasema ukweli, havikuwa bora kuliko vya wengine. Lakini mgonjwa aliye macho anaweza kuzungumza. Ukibana kitu kwa koleo na sauti ikabadilika, unalegeza koleo, na mshipa unapona. Kazi nzima ilikuwa katika kusikiliza.

Sikio hilo lilikuwa la Tupokigwe. Alimwomba seremala wetu akate miguu ya kigoda, kisha aikate tena, na mara ya tatu tena, mpaka akiketi kichwani pa mgonjwa, chini ya shuka ya kijani, uso wake ukawa sawa na uso wa aliyelala. Hakuna aliyemwagiza. Alasiri ya kuamkia upasuaji alipita wodini na daftari akamuuliza kila mgonjwa swali moja: kesho tutazungumza nini? Akaandika. Daftari hizo ninazo saba hapa nyumbani. Zimeandikwa kwa penseli: "Mzee wa Ifunda, mahindi." "Mama Helena, safari ya Mbeya." "Huyu hapendi maneno, atahesabu."

Mimi nilibana, nikangoja. Chini ya shuka maneno yaliendelea. Yakiwa sawa, aliniambia, "Endelea, tata," na nikafunga uzi na kukata. Yakibadilika hata kidogo, alisema, "Subiri, tata." Tata ni baba, kwa Kinyakyusa. Nimemzidi umri kwa miaka kumi na mitatu tu, lakini aliniita hivyo tangu wiki yangu ya kwanza, na kila asubuhi aliingia thieta na "Mugonile, tata" kabla hajanawa mikono.

Siku ya marovu ilikuwa Jumatano. Watu walifikiri thieta ni mahali pa kimya. Ya kwetu ilikuwa na kelele kama gulio. Nakumbuka mama mmoja wa Kibena aliyeletwa na mke mwenzake. Huyo mwenzake alikataa kuondoka, akasimama nje ya dirisha, na mgonjwa alipoulizwa habari za nyumbani akaanza kueleza nani aliyeunguza chungu cha maharage. Jibu likatoka dirishani. Akajibu kutoka mezani. Nilikuwa nimeshika koleo mahali pabaya kabisa, na sauti ya yule mama ikazidi kupanda. "Sauti iko salama sana, tata," alisema Tupokigwe. "Kata tu, kabla huyu wa nje hajaingia."

Kulikuwa na mzee wa Kalenga aliyesimulia vita vya babu yake, na kila alipofika mahali pa kurusha mkuki alitaka kuinua mkono. Tupokigwe aliushika mkono ule saa nzima. "Mzee, mkuki uache mlangoni," alimwambia. "Humu mwenye chuma ni mmoja tu."

Na kulikuwa na Budeba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, aliyekuja mwaka 1972 na uvimbe chini ya sikio. Hapo mshipa wa hatari si wa sauti bali wa uso, na mgonjwa hana budi kukunja macho na kutabasamu kila mara. Tupokigwe hakujua Kisukuma. Alimwendea ndugu yake Budeba uani akajifunza salamu yao, "mwangaluka", akarudi akamwomba Budeba amtajie ng'ombe wake mmoja mmoja. Alitaja kwa rangi na kwa pembe, na kila ng'ombe alimfanya atabasamu. Nilimaliza kushona akiwa amefika wa arobaini na kitu. Tulipotaka kumwondoa mezani alishika ukingo wa meza. "Bado ndama," alisema.

Naziandika habari hizi taratibu, mistari michache kwa siku, kwa sababu miguu imevimba na moyo hautaki tena kazi. Daktari kijana ameniambia hali yangu kwa upole. Kuwaambia watu kwa upole ilikuwa kazi yangu pia, kwa hiyo nilimwelewa. Kutoka dirishani naona malori yakipanda kutoka Ipogolo, na kila Jumatano asubuhi najikuta nasikiliza, nadhani nitasikia maneno chini ya shuka. Ninayatamani kuliko chakula. Lakini kuna neno moja ninalolitamani zaidi, na ili mlielewe lazima niseme jambo ambalo halimo katika kumbukumbu za hospitali, au limo kwa namna ya uongo.

Mwanzoni mwa Agosti 1973 tulipata barua kwamba daktari mkubwa kutoka ng'ambo angepita kuangalia upasuaji wa marovu katika hospitali za misheni. Nilifurahi, kisha nikaona aibu. Nilifikiria kigoda, daftari, chungu cha maharage na kelele za dirishani, nikafikiria yule mgeni akisimulia kwao. Jumanne ya tarehe 21 nilimwita Tupokigwe nikamwambia kesho mgonjwa atalala kimya, kama inavyofanyika katika hospitali kubwa.

"Sasa tata," aliuliza, "masikio utaazima wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia asituaibishe.

Mgonjwa alikuwa Lusia, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Kalenga. Rovu lake lilikuwa dogo, la ukubwa wa yai la kuku. Alikuwa ameposwa na alitaka kufunga ndoa shingo ikiwa wazi. Watu wa Idunda wa wakati huo hawana haja ya kuambiwa alikuwa nani. Yeye ndiye aliyeongoza kwaya iliyokuja kwetu kila Pasaka, na akipandisha sauti peke yake hata wapishi waliacha masufuria. Katika daftari la tano, kwa penseli, imeandikwa: "Lusia, Kalenga. Ataimba."

Hakuimba. Alilala kimya kama nilivyomwagiza, mtoto mtiifu. Tupokigwe aliketi kigodani hivyo hivyo. Mgeni alisimama kuliani kwangu. Upande wa kushoto wa tezi ulitoka vizuri. Upande wa kulia nilibana, na Lusia akakohoa. Kilikuwa kikohozi kisicho na mlio, kama mtu anayepuliza moto wenye majivu.

"Subiri, tata," ilisema sauti chini ya shuka.

Mgeni aliinua kichwa. Nilisikia joto likipanda usoni.

"Subiri, tata. Tafadhali, mwambie aseme neno."

"Sista, kimya," nilisema.

Nikafunga uzi, nikakata.

Tulipomaliza nilimwambia Lusia ataje jina lake. Alifungua kinywa ikatoka pumzi. Akajaribu tena. Alinitazama, kisha akamtazama Tupokigwe, akiuliza kwa macho, kwa kuwa kwa sauti hakuweza.

Sauti iliyomrudia baada ya miezi ni ile aliyonayo mpaka leo, ya kukwaruza, nusu yake upepo. Baba yake, mzee wa kanisa, alikuja siku ya tatu kutaka maelezo, na uongozi ukaniagiza niandike. Niliandika mistari minne. Mstari wa tatu ulisema: "Muuguzi aliyekaa kichwani pa mgonjwa hakutoa taarifa ya mabadiliko kwa wakati." Niliandika kwa mkono huu huu. Sikulazimishwa na mtu. Mgeni alikuwa amekwisha kuondoka, na hata angekuwepo, hakujua Kiswahili.

Tupokigwe aliitwa mbele ya kamati. Walimsomea mstari ule wakamwuliza kama ana la kusema. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa pili wa meza. Alinitazama kwa muda mrefu, si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

"Bwana Mganga ameandika," alisema. "Mi sina la kuongeza."

Alipewa barua ya onyo akapelekwa dobi. Mwanamke aliyeanza kazi kwa kufua bandeji alirudishwa kufua bandeji, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na alizifua vizuri. Nimesikia kwamba miezi ile kumi na tisa wodi hazijawahi kupata shuka safi kama zile. Kigoda chake alikichukua, akawa anaketia akikunja nguo. Mimi niliendelea na marovu nikiwa na wauguzi wengine, kila mmoja akiogopa kusema na kuogopa kunyamaza.

Machi 1975 niliuandikia uongozi kwamba adhabu imetosha na ninaomba arudishwe. Ona nilivyoandika: adhabu imetosha. Hata hapo sikusema ukweli. Nilikwenda dobi mwenyewe kumpa habari. Alikuwa akining'iniza shuka. Nilimwuliza kwa nini siku ile hakujitetea.

"Wangekuondoa wewe, haya marovu yangekatwa na nani?" alisema. "Kuanzia hapa mpaka Mbeya, nitajie jina."

Wakati ule, kwa hospitali za misheni za barabara ile, nilikuwa peke yangu. Alikuwa amelifikiria jambo hilo mbele ya kamati, wakati mimi nilikuwa nikijifikiria nafsi yangu. Alichukua kigoda, akakipangusa mapovu, tukapanda naye thieta.

Jumatano iliyofuata aliingia, akanawa mikono, akasema, "Habari za asubuhi, Bwana Mganga." Chini ya shuka ilikuwa "Endelea, Bwana Mganga" na "Subiri, Bwana Mganga." Hakunikosea adabu hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kamili kuliko mwanzo. Lakini neno lile la baba lilikuwa limekwisha, na sikuwa na haki ya kulidai. Nimestaafu bila kulisikia tena.

Narudi kwenye wasifu, maana mengi mazuri yanafuata na yote ni ya kwake. Tangu aliporudi hadi leo, kitabu cha thieta kinaonyesha marovu mia nne na kumi na mawili, na waliopoteza sauti ni sifuri. Amefundisha wauguzi thelathini na mmoja kuketi kigodani, wakiwamo wawili walioko Mbeya sasa na mmoja Njombe. Aliandika ukutani salamu za lugha saba kwa rangi ya milango, na mkaguzi alipoagiza zifutwe, wagonjwa ndio waliokataa. Mwaka jana na mwaka huu, mafuta ya taa yalipoadimika, alichemsha vyombo kwa kuni katika pipa alilolikata mwenyewe, na hakuna upasuaji ulioahirishwa. Watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka aliwanywesha maziwa kwa kijiko mpaka wakapata uzito wa kufanyiwa upasuaji, na mmoja wao, Anyitike, leo ni karani hapa hapa hospitalini. Ndiye anayepiga chapa programu hii. Anyitike, usirekebishe kitu.

Ila kuna hesabu moja iliyobaki mbaya. Lusia aliolewa, ana watoto wawili, na huwaleta kliniki Idunda. Kwa miaka sita amempita Tupokigwe mlangoni bila kumsalimu. Mnajua kwa watu wa Kalenga maana ya kumpita mtu mzima bila "kamwene". Wauguzi waliona, wagonjwa waliona. Tupokigwe kila mara alisalimu yeye kwanza, hakujibiwa, akaendelea kupima watoto. Ningeweza kulimaliza jambo hilo kwa sentensi moja katika siku yoyote ya siku hizo elfu mbili na zaidi.

Nilimwomba Ndugu Eliezeri amlete Lusia kwangu. Alikuja kwa basi wiki mbili zilizopita, mtoto mgongoni. Nilimsomea yote mliyoyasikia mpaka hapa. Aliniomba nirudie mahali pa thieta. Nikarudia.

"Kwa hiyo alisema subiri?"

"Alisema."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Mtoto alianza kulia, akamtikisa mgongoni bila kumbembeleza kwa wimbo, kama mama wengine wafanyavyo. Watoto wake hawajawahi kusikia mama yao akiimba.

"Miaka sita, babu," alisema. "Miaka sita nampita yule mama kama napita nguzo. Na yeye ananiambia kamwene."

Nilimwomba msamaha. Aliniambia hivi, na nanukuu kwa sababu ni haki yake: "Ya kwangu na wewe tutayazungumza siku nyingine, kama utakuwepo. Kwanza ya yule mama." Kisha akauliza nani atasoma ukurasa huu siku ya sherehe. Nikamwambia ni Ndugu Eliezeri, mwenye sauti ya kanisani. Akatikisa kichwa.

"Nitasoma mimi."

Nilisema ukumbi ni mkubwa, hawatasikia.

"Watasikia," alisema. "Watasogea karibu."

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, sauti mnayoisikia tangu mwanzo wa wasifu huu ni sauti ya Lusia wa Kalenga, na imekuwa hivyo kwa mkono wangu. Ndugu Tupokigwe Asukile alionya mara mbili nikamnyamazisha. Barua ya onyo ya Agosti 1973 ni uongo. Barua yangu mpya, yenye saini na mashahidi wawili, imewekwa juu yake katika faili, na uongozi umekubali kuisoma leo mbele ya wafanyakazi wote.

Mimi sitakuwepo ukumbini. Ngazi za nyumba yangu zimenishinda, sembuse safari ya Idunda. Nitakuwa kitandani hapa Iringa, dirisha wazi, Jumamosi tarehe 29, saa nne asubuhi, nikijua kwamba saa hiyo mnasogeza viti mbele.

Wafanyakazi wamechanga kumnunulia mstaafu blanketi na baiskeli, na ni zawadi nzuri. Mimi naomba aongezewe kitu kimoja ambacho si mali yangu wala ya hospitali: apewe kigoda chake aondoke nacho. Vijana watamwomba seremala awatengenezee kingine, na wakumbuke kumwambia akate miguu mara tatu. Daftari saba nimezifunga pamoja na ukurasa huu. Katika daftari la tano, pale palipoandikwa "Ataimba", sikufuta wala sikuongeza neno. Hizo pia ni za kwake.

Ndugu Tupokigwe, kwa niaba ya wote waliolala juu ya meza ile wakaamka na majina yao midomoni, asante. Asante kwa yule mama na chungu chake cha maharage, kwa mkuki wa mzee wa Kalenga, kwa ng'ombe wa Budeba pamoja na ndama. Nenda Tukuyu, panda viazi vyako, mvua ikukute umekwisha kufukia. Keti kwenye kigoda chako mlangoni, na apitaye barabarani amsalimu muuguzi wetu kwa lugha yoyote aliyonayo, maana utamjibu. Tunakuombea afya, wajukuu wenye maneno mengi, na miaka mingi ya kuzungumza bila mtu wa kukuambia kimya.

Sikuombi neno lile. Lakini ukipata safari ya kupita Iringa, na ukiona dirisha lililo wazi juu ya barabara ya Ipogolo, sema chochote. Nitabana pumzi, nitasikiliza, na safari hii nitasubiri.

Yotamu Jailos
Daktari wa Upasuaji (Mstaafu)
Iringa, Desemba 1979